Pesa za mbio na skolashipu ya Marekani: mwongozo kamili kwa mkimbiaji aliyemaliza Kidato cha Nne

Mwaka 1978 Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Washington State, Marekani, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Wakati ule riadha yote ilikuwa ya ridhaa, angalau kwenye karatasi, na hakuna aliyemwekea hundi mezani. Leo kijana wa Nandi au Keiyo anaweza kukimbia kilomita 10 mjini Jumapili asubuhi, akashika nafasi ya tatu, na kabla hajavua viatu ujumbe wa M-Pesa umeingia. Miezi minane baadaye kocha wa chuo cha Marekani anamwuliza: "Umewahi kupokea pesa za ushindi?" Hapo ndipo wengi hujikwaa, wengine kwa kusema uongo, wengine kwa kukata tamaa mapema wakidhani mambo yameisha.

Mara nyingi hayajaisha. Lakini kuna utaratibu, na sehemu kubwa yake hufanyika kabla ya kupokea pesa.

Hatua ya 1: Jua unaelekea wapi

NCAA, chama kikubwa cha michezo ya vyuo kule Marekani chenye makao yake Indianapolis, kina ngazi tatu. Divisheni I ndiyo ya vyuo unavyovisikia: Oregon, Alabama, New Mexico, Texas Tech. Divisheni II ni ya vyuo vidogo kidogo, navyo vina skolashipu za michezo. Divisheni III haitoi skolashipu ya michezo kabisa, kwa hiyo anayekuahidi skolashipu ya kukimbia huko ama hajui au anakula pesa zako. Nje ya NCAA kuna NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, na kuna NJCAA ya vyuo vya miaka miwili. Kila kimoja kina kitabu chake cha kanuni. Jibu ulilopewa na rafiki aliye NAIA halikusaidii ukienda Divisheni I.

Kuhusu pesa za ushindi kabla ya kujiunga na chuo, Divisheni II imekuwa na mkono mwepesi kwa miaka mingi: pesa zenyewe si kosa, ila mashindano uliyokimbia baada ya kumaliza sekondari yanaweza kukulia misimu ya kushindana. Divisheni I ndiyo iliyokuwa kali, na ndiyo nitakayokaa nayo.

Tahadhari moja kabla hatujaendelea. Kanuni ya Divisheni I kuhusu pesa za ushindi imeshtakiwa mahakamani, na imesukumwa ilegezwe; huenda unaposoma haya imeshabadilika. Machi 2024 Reese Brantmeier, mcheza tenisi wa North Carolina, aliifungulia NCAA kesi. Maya Joint, Mwaustralia aliyekuwa ameahidiwa nafasi Texas na kushinda zaidi ya dola 100,000 katika US Open ya 2024, aliungana naye katika kesi; yeye aliamua kuachana na chuo na kucheza kama mtaalamu wa kulipwa. Kwa hiyo chukua kitabu cha Divisheni I cha mwaka utakaoingia wewe, si cha kaka yako aliyeondoka 2019. Nitakueleza kanuni katika sura yake kali, kwa sababu aliyejipanga kwa kanuni kali hasumbuliwi ikilegezwa.

Hatua ya 2: Elewa "gharama halisi na za lazima"

Kanuni yenyewe katika sura hiyo kali, ukiivua maneno ya wanasheria, inasema hivi: kabla hujajiunga na chuo kwa masomo ya kutwa, unaweza kupokea pesa za ushindi kutoka kwa mwandaaji wa mashindano, mradi zisizidi gharama zako halisi za kushiriki mashindano hayo hayo. Ni kila shindano na hesabu yake. Huwezi kusema, "Mwaka mzima nimetumia laki moja mazoezini, basi laki moja ni yangu." Tenisi ndiyo iliyopewa nafuu ya pekee, hadi dola 10,000 kwa mwaka kabla ya kujiunga. Riadha haimo.

Tufanye hesabu. Tuseme unatoka Eldoret kwenda kukimbia kilomita 10 Mombasa, na nafasi ya tatu inalipwa shilingi 50,000.

Basi kwenda na kurudi: 5,000. Kulala usiku 2: 3,000. Chakula: 2,400. Kujisajili: 2,000. Bodaboda hadi uwanjani na kurudi: 600. Jumla 13,000.

Dari lako ni 13,000. Zile 37,000 zinazobaki ndizo zenye sumu, ingawa umezitolea jasho kihalali na hakuna mtu Kenya atakayekulaumu ukizichukua.

Sasa tuseme ulisafiri na kocha wako na mkalala chumba kimoja. Nauli ya kocha haiingii. Chakula chake hakiingii. Hata chumba chenyewe kinakatwa katikati, kwa hiyo kulala kwako ni 1,500, na dari linashuka hadi 11,500. Usidhani natia chumvi. Brantmeier alipokuwa anachunguzwa kwa pesa alizoshinda US Open ya 2021 akiwa bado shule ya sekondari, moja ya mabishano lilikuwa chumba cha hoteli alicholala na mama yake. Gharama za mtu mwingine hazihesabiki, hata akiwa mama.

Na usikwepe kwa kumwambia mwandaaji, "Hizo nyingine mtumie mama kwa namba hii." Pesa iliyoingia kwa mama, kwa mjomba au kwa kocha kwa ajili ya ushindi wako ni yako machoni pao. Televisheni, pikipiki na ng'ombe vivyo hivyo: wataangalia thamani.

Hatua ya 3: Zungumza na mwandaaji kabla ya bunduki kulia

Watu wengi hufanya hili baada ya mbio, na wakati huo umeshapigwa picha na hundi ya kadibodi ndefu kuliko wewe. Nenda siku ya kuchukua namba. Mwone mkurugenzi wa mbio au mhasibu, si kijana anayegawa fulana, na umwombe mambo mawili: ukishinda ulipwe gharama tu kwa risiti, na upewe barua yenye muhuri inayosema umelipwa kiasi gani na umekataa kiasi gani.

Maneno yanaweza kuwa haya:

"Mimi ni mkimbiaji wa ridhaa na natarajia kujiunga na chuo Marekani. Nikimaliza katika nafasi ya zawadi, naomba nilipwe gharama zangu za kushiriki tu, kwa mujibu wa risiti nitakazowasilisha. Kiasi kitakachobaki sikipokei, wala asikipokee mtu mwingine kwa niaba yangu."

Watakuona wa ajabu. Mhasibu mmoja atakuuliza kama wewe ni mgonjwa. Vumilia, saini, piga picha ya barua.

Kuna njia nyingine wanayoitumia makocha wajanja: usikimbie kabisa mbio zenye zawadi nono mwaka huo. Kimbia mashindano ya shule, ya kaunti, ya nyika na ya uwanjani yanayoandaliwa na Athletics Kenya, ambako muda wako unapimwa vizuri. Kocha wa Marekani anataka kuona mita 1,500, 5,000 au 10,000 za uwanjani. Kilomita 10 za barabara ya mteremko hazimwambii mengi. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora kwa kijana wa miaka 18 ambaye nyumbani wanaweza kusubiri. Kama nyumbani hawawezi kusubiri, pesa ya leo ina uzito wake, na mtu asikudharau ukiichagua. Ila uichague ukijua.

Neno juu ya barabara, kwa sababu nimelisikia mara nyingi: "Zile zilikuwa mbio za barabarani, chuoni nitakimbia nyika na uwanjani, ni michezo tofauti." Si tofauti. Kitabu cha NCAA kinasema waziwazi kwamba mbio za barabarani haziwezi kutenganishwa na nyika na uwanja. Ulicholipwa barabarani kinakufuata hadi uwanjani.

Hatua ya 4: Tunza ushahidi kama karani

Nunua daftari moja la kurasa 96. Kila shindano lipewe ukurasa wake: tarehe, mahali, umbali, muda, nafasi, nani aliandaa, zawadi iliyotangazwa, uliyopokea, uliyotumia. Gundi tiketi ya basi papo hapo. Risiti ya gesti ambayo haina jina la gesti haina maana, mwombe dada wa mapokezi apige muhuri.

Ujumbe wa M-Pesa ni ushahidi mzuri kuliko watu wanavyodhani. Una namba ya muamala, jina la aliyetuma, kiasi, tarehe na saa. Tatizo ni kwamba simu hupotea. Kila mwisho wa mwezi omba taarifa ya akaunti yako, ije kwa barua pepe, uihifadhi. Taarifa hiyo hiyo inaweza kukuumbua kama ulificha kitu, kwa hiyo usifiche.

Matokeo yako yapo mtandaoni. Orodha ya washindi na zawadi zao huchapishwa magazetini na kwenye kurasa za waandaaji. Msaidizi wa kocha akikaa nusu saa na jina lako na simu yake anajua ulimaliza wa ngapi, wapi na zawadi ilikuwa kiasi gani.

Hatua ya 5: Meneja, kambi na dalali wa skolashipu

Hapa ndipo penye mitego mingi zaidi kuliko kwenye hundi, na ndipo vijana wetu hawaangalii.

Kwanza, meneja. Ukikubaliana na mtu akutafutie mbio au mkataba kwa kipaji chako, hata kwa mdomo tu bila karatasi, umepata wakala, na wakala wa namna hiyo anakuondolea ustahiki, yaani ruhusa ya kushindania chuo, katika mchezo huo. Yule anayekuambia, "Njoo kambini Iten, utalala bure, utakula bure, viatu vipo, tutaongea baadaye," anakupa faida kwa sababu ya miguu yako. "Tutaongea baadaye" ndiyo mazungumzo yenyewe. Uliza kwa maandishi nani analipia kambi. Kama ni meneja, lipa sehemu yako au ondoka.

Pili, mkataba wa viatu. Hapana. Hata wa miezi sita, hata wa jozi mbili tu na fulana.

Tatu, ajira. Hapa kwetu mkimbiaji mzuri huchukuliwa na jeshi, polisi au magereza, akapata mshahara na muda wa mazoezi. Ni kazi ya heshima, na imelea mabingwa wengi. Ukiichukua kisha ukaomba chuo, utaulizwa: mshahara huu ulikuwa wa ulinzi au wa kukimbia? Kuwa na barua ya ajira inayoeleza majukumu yako halisi.

Nne, dalali wa skolashipu. Kuwapo kwake si kosa. Kanuni inamruhusu mtu akulipishe ada ya kudumu kwa kazi ya kukuandalia wasifu, video na barua. Haimruhusu kulipwa asilimia ya skolashipu utakayopata, wala malipo yanayotegemea kama umepata au hukupata. Na ndivyo wengi wao wanavyolipisha! "Sasa usilipe chochote, ukifika utanitumia asilimia kumi" inasikika kama wema. Ni makubaliano na wakala. Mlipe kidogo sasa kwa risiti, au tafuta mwalimu wako wa zamani akusaidie kuandika barua pepe.

Hatua ya 6: Hesabu saa yako

Kwa kanuni iliyozoeleka, Divisheni I inakupa misimu minne ya kushindana ndani ya miaka mitano, na miaka hiyo mitano huanza siku unapojiunga na chuo chochote duniani kwa masomo ya kutwa. Soma tena: chuo chochote. Ukiingia chuo cha ualimu Eldoret Septemba hii ili "usikae bure" huku ukisubiri Marekani, saa imeanza kugonga. Zaidi ya hayo, umevuka mpaka wa "kabla ya kujiunga", na ile ruhusa ya kupokea gharama inakuwa ya masharti mengine. Kama unataka kusoma kitu wakati wa kusubiri, chukua kozi fupi isiyo ya kutwa, na uulize kwanza.

Saa ya pili ni ya baada ya sekondari. Katika riadha, kanuni iliyozoeleka inakupa mwaka mmoja wa neema tangu tarehe uliyotarajiwa kumaliza. Baada ya hapo, kila mwaka unaoshiriki mashindano yaliyopangwa unakugharimu msimu mmoja kati ya minne, na ukifika chuoni utakaa mwaka mzima wa masomo bila kushindana. "Mashindano yaliyopangwa" ni maneno mapana: tarehe iliyotangazwa, muda rasmi, matokeo yaliyoandikwa, mdhamini. Mbio karibu zote za Jumapili zinaingia humo, hata kama hukupata senti.

Aliyefanya KCSE Novemba akaingia chuo Agosti inayofuata yuko salama. Aliyefanya KCSE miaka minne iliyopita na tangu hapo amekimbia kila wikendi ana tatizo kubwa kuliko zawadi yoyote aliyopokea, na asipoteze pesa kwa dalali wa Divisheni I kabla hajahesabu misimu iliyobaki. Kwa huyo, NAIA na NJCAA huwa ni mazungumzo ya kweli zaidi.

Hatua ya 7: Jaza fomu bila kupunguza

Utafungua akaunti katika Kituo cha Ustahiki cha NCAA. Upande wa masomo, Divisheni I inataka masomo ya msingi 16 na wastani wa 2.3 kwa vipimo vyao. Divisheni II ni 2.2. Tangu 2023 mtihani wa SAT au ACT hautakiwi tena na NCAA, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuutaka. Cheti chako cha KCSE, au cha CSEE kwa ndugu zetu wa Tanzania, ndicho kitakachosomwa. Hakikisha jina la cheti, la pasipoti na la matokeo ya mbio ni lile lile. Mkimbiaji aliyesajiliwa Kipchirchir huku na Kirwa kule atapoteza mwezi mzima akieleza.

Upande wa ridhaa kuna dodoso refu: timu, mashindano, pesa, mawakala, wadhamini. Weka kila kitu kilichomo daftarini. Uhakiki wa mwisho wa ridhaa huombwa kuanzia Aprili 1 kwa anayeingia Agosti, na Oktoba 1 kwa anayeingia Januari. Usikose tarehe hiyo.

Kama ulishapokea zaidi ya gharama, andika hivyo. Chuo kinachokutaka, si wewe, ndicho kitakachoomba NCAA ikurudishie ustahiki. Adhabu ya kawaida ni kutoa kiasi kilichozidi kwa shirika la hisani, au kukaa nje sehemu ya msimu, au vyote viwili. Brantmeier aliruhusiwa kucheza baada ya kutoa dola zipatazo 5,100 kwa hisani. Hilo linavumilika. Uongo kwenye fomu hauna bei ya namna hiyo, maana unakuwa kosa la uadilifu, na hata kocha aliyekupenda hataweka sahihi yake chini ya yako. Isitoshe, tangu makubaliano ya kesi ya House, ambayo wanamichezo waliifungulia NCAA, yaliyoidhinishwa Juni 2025, vyuo vilivyojiunga nayo vina kikomo cha wakimbiaji: 17 wa nyika na 45 wa uwanjani kwa kila jinsia. Kocha mwenye nafasi 17 hana subira na jina lenye maswali.

Hatua ya 8: Usichanganye zawadi na NIL

Utasikia kwamba tangu Julai 1, 2021 wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kuuza jina, sura na umaarufu wao (ndiyo NIL), na kwamba tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kugawana nao mapato, hadi kama dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Ni kweli. Ni kichekesho pia kwamba katika nyumba hiyo hiyo shilingi 37,000 za Mombasa zinaweza kuzua barua kumi. Lakini ndivyo zilivyo: pesa ya tangazo ni kanuni moja, pesa ya kushika nafasi ya tatu ni kanuni nyingine.

Na kuna viza. Mwanafunzi mwenye F-1, viza ya masomo, ana mipaka mikali ya kufanya kazi Marekani, kwa hiyo mkataba wa tangazo unaomfaa mwenzako wa Alabama unaweza kukuvunjia viza wewe. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni iulizwe kabla ya kusaini, si baada.

Hatua ya 9: Ukishaingia

Kuanzia siku ya kwanza ya masomo, rafiki yako mkubwa si kocha. Ni ofisi ya kanuni ya chuo, wanayoiita kompliansi. Sally Kipyego aliposhinda mataji tisa ya NCAA akiwa Texas Tech, na Doris Lemngole aliposhinda nyika ya 2024 akiwa Alabama, nyuma yao kulikuwa na watu wa ofisi kama hiyo wenye mafaili.

Shida huja Juni, ukirudi nyumbani likizo. Miguu ni mizuri, kuna mbio mjini, wazee wanataka kukuona. Mwandikie kompliansi wiki mbili kabla: jina la mbio, tarehe, zawadi, na kwamba hutavaa sare ya chuo. Subiri jibu la maandishi. "Nadhani ni sawa" ya kocha msaidizi kwenye WhatsApp si jibu.

Ukiruhusiwa, kimbia. Ukivuka mstari na mtu akakushindilia bahasha mkononi mbele ya kamera, usiifungue. Nenda nayo kwa mhasibu, irudishe mbele ya shahidi, achukue na asaini kwamba ameipokea ikiwa imefungwa. Piga picha ya sahihi. Kabla hujaoga, itume kompliansi kwa barua pepe, na uandike saa kwenye ukurasa wa daftari.